Amiba wa Mchanga wa Gulwe

Mwalimu wetu wa maabara alituambia kila mmoja alete maji ya kwao, amtafute amiba mwenye gamba. Asiyempata haendi fildi, kujifunza kazi kwenye zahanati. Anarudia zoezi na darasa linalofuata. Mimi nilishajiona nimevaa koti jeupe, watu wa Majengo, nilikopangiwa, wananiita daktari.

Kwetu Gulwe, kiangazi tunachimba visima kwenye mchanga wa mto. Maji hutoka na rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo mama huyaacha yatulie, kisha huchota ya juu taratibu. Ya chini ni ya kumwaga. Nami nikafanya hivyohivyo bwenini: nikayatuliza kwenye dumu, nikajaza chupa maji maangavu. Ningempelekeaje mwalimu matope?

Nilichungulia kwenye hadubini mpaka jicho likatoa machozi. Hakuna kitu.

"Haya umeyatoa mtoni au dukani?" mwalimu akauliza. Darasa likacheka.

"Mtoni, madam. Niliyatuliza chumbani yawe safi."

"Safi kwa nani, mwanangu? Huyo anaishi kwenye matope. Umemwacha chumbani."

Nilitoka mbio. Nikamkuta mwenzangu wa chumba ameinamisha dumu bombani, anataka kulisuuza.

"Usimwage!"

"Kwani kuna dhahabu?"

"Kuna fildi yangu humo!"

Chini ya hadubini, tone la matope yale kwenye kioo lilijaa punje za mchanga. Katikati, punje kadhaa zilikuwa zimeshikana kama mtungi mdogo.

"Mchanga tu huo, usijipe moyo," alisema jirani yangu wa meza.

Lakini mchanga hauna mdomo, na ule mtungi ulikuwa na tundu upande mmoja. Nikaondoa mikono mezani, maana ukimtikisa anajificha. Nikasubiri. Tunduni kikatoka kitu kama kidole, laini kama ute wa yai, kikapapasa. Kingine kikafuata. Mtungi mzima ukavutwa mbele, punje nyingine zikabaki palepale.

"Jamani, anatembea na nyumba yake!"

Madam akainama, akatazama.

"Gamba kalitoa mwilini au kalijenga?"

"Kalijenga, madam. Kwa mchanga wa kwetu."

"Anaitwaje?"

"Difflugia."

"Haya, fildi utaenda. Osha kioo."

Kioo nilikiosha baadaye. Kwanza nilidondosha maji pembeni, maana tone lilikuwa limeanza kukauka na yeye alikuwa bado anatembea.