Sentensi Mbili Nilizomwongezea Mungu

Usiku ule nililala nikiwa mshindi. Mchana wake, uani kwa mama aliyekuwa mgonjwa, mbele ya majirani na wanajumuiya wa kanisani waliokuja kumwona, nilikuwa nimemnyamazisha mdogo wangu Polikarpi, nami nilifurahi kumwona akiinamisha kichwa.

Polikarpi aliondoka kwetu Mkatoliki, akarudi kutoka Arusha Mmormoni. Alikuja na kichupa cha mafuta ya zeituni, akaomba amwekee mama mikono kichwani na kumwombea. Mama alikubali. Mimi nikasimama mlangoni. Nimekuwa katekista wa kigango miaka kumi na minane. Nikamwambia mafuta yake akakaangie mayai. Watu wakacheka, na kicheko chao kikanipa nguvu. Nikamuuliza habari za huyo nabii wao aliye hai, na kile kitabu kingine walichokiweka kando ya Biblia. Alijibu kwa upole kwamba Mungu aliyesema na Musa hajawa bubu. Akasema hata kwao si kila neno la nabii linamfunga muumini. Liko lililopokelewa na kanisa lao lote kuwa Maandiko, na liko lililo maoni tu. Nikamwambia ufunuo ulikamilika alipokufa mtume wa mwisho, na kazi ya Baba Mtakatifu na maaskofu ni kuulinda na kuufafanua, si kuuongeza.

Hapo nilikuwa sahihi. Ningeishia hapo.

Lakini akaniuliza ni wapi Kanisa letu limeandika kwamba yeye haruhusiwi kumwombea mama yake mzazi. Sikujua. Watu walikuwa wananitazama. Nikasema upo mtaguso wa zamani wa maaskofu uliokataza, nikayatamka maneno yake kwa kichwa, sentensi mbili nzima, kwa sauti ile ninayosomea masomo ya Jumapili: kwamba mikono ya aliyeasi isimguse mgonjwa wa Kanisa. Maneno hayo niliyatunga palepale. Polikarpi akafunga kichupa chake, akaenda kulala kwa jirani, maana kwetu nilikuwa nimemnyima hata kitanda.

Basi nililala, na Mwalimu Anselmi akaja.

Huyu ndiye aliyenifundisha ukatekista, naye alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita. Alikuwa mtu mkavu. Hakuwahi kutaja mstari wa Maandiko bila kufungua ukurasa, hata ule anaoujua kila mtoto. Nilikuwa nafagia kanisa, nikainua macho, nikamwona ameketi benchi la mbele, amevaa koti la kahawia tulilomzika nalo. Nilitaka kumpa shikamoo.

Kisha hatuko kanisani tena. Tuko katika darasa la komunyo ya kwanza, asubuhi, jua limejaa madirishani. Nimeketi kati ya watoto, magoti yangu yanagonga meza, mvi zangu zinaonekana. Mbele yangu kuna Biblia, na kando yake vitabu vya mitaguso yote, vikubwa, vimepangwa mpaka usawa wa kidevu changu.

“Soma yale uliyomsomea ndugu yako,” anasema.

Ninafungua. Ninapekua. Kila kitu kimo, mwandiko ni mzuri, kurasa hazinidanganyi. Ninatafuta kitabu cha kwanza, cha pili, cha kumi. Watoto wanasubiri na hakuna anayecheka. Mikono yangu inatoka jasho, karatasi zinaanza kulowa.

“Hayamo, Mwalimu.”

“Ni ya nani?”

“Ni yangu.”

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia sakristia. Hakukasirika, ningeshukuru kama angekasirika. Nikaanza kujitetea kwamba nilikuwa nailinda imani, kwamba wale watu wana nabii wao na wanaongeza vitabu wapendavyo. Nilizungumza sana. Yeye alikuwa ameanza kuokota nyasi kavu zilizonasa kwenye mkono wa koti lake, moja moja, akizidondosha sakafuni.

Nilipomaliza, tulikuwa mlangoni kwa mama. Mama yumo ndani anamwita Polikarpi. Polikarpi amesimama nje, na mwili wangu umejaa mlango mzima, siwezi kusogea mbele wala nyuma. Mwalimu anasimama kando yake, si kando yangu.

“Huyu anasema Mungu bado anaongeza,” akasema. “Naamini amekosea, lakini anakisema anachokiamini. Wewe unasema Mungu alikwisha maliza, halafu ukamwongezea sentensi mbili. Nabii wa uongo hapa ni nani, Veneranda?”

Nikainamisha kichwa, kama Polikarpi mchana ule.

“Kawaambie waliokusikia.”

Akajifuta kiganja kwenye koti, ingawa hakuwa amenigusa, akaenda zake.

Niliamka kumekucha, agizo lake bado liko masikioni. Sikunywa hata chai. Nilikwenda kwa jirani, nikamkuta Polikarpi anafunga begi, nikamwomba arudi nami. Uani kwa mama wanajumuiya walikuwa wamekwisha fika kwa sala ya asubuhi. Nikawaambia kwamba mtaguso ule haukusema vile, kwamba maneno yale niliyatunga. Mwenyekiti wa jumuiya aliangalia pembeni. Mama mmoja akacheka, kicheko kilekile cha jana, ila sasa kilinilenga mimi.

Polikarpi hakucheka. Aliniuliza tu, “Dada, naweza kuingia?”

Nikamwambia nabii wake simwamini na sitamwamini, na mpako wa wagonjwa mama ataupokea kwa padre siku ya Alhamisi. Lakini hakuna popote palipoandikwa kwamba mimi niwe mlango.

Akapita. Nikamsikia mama akimpokea kwa jina lake la utotoni. Mimi nikabaki uani kati ya watu wangu, nimedharauliwa kwa kadiri niliyostahili.