Sare ya Mwalimu Wangu

Namna ya kumaliza mchezo wa chesi nilifundishwa na mzee mmoja wa Kiseke, mwalimu mstaafu, barazani kwake kila Jumamosi. Aliondoa kete zote ubaoni, akabakiza wafalme wawili na askari mmoja, akasema askari huyo atafika mwisho na kuwa malkia iwapo mfalme wake atamtangulia kumsafishia njia. Sijapata mwalimu mzuri kama yeye, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Mwaka jana tulikutana katika mchezo wa mwisho wa mashindano, kwenye ukumbi wa kanisa Mkuyuni. Zilibaki kete hizohizo tatu. Askari alikuwa wangu, na mfalme wangu alikuwa ametangulia mbali. Mzee akaninyooshea mkono.

"Hii ni sare, mwanangu. Tuishie hapa."

Kwa pointi alizokuwa nazo, sare ilimtosha kuchukua kombe. Mimi sikuhesabu hata hatua moja. Mtu ninayemwamkia shikamoo kila wiki, ningeanzaje kumbishia mbele za watu? Nikaupokea mkono wake kwa mikono yangu miwili.

Jumamosi iliyofuata nilichelewa. Nilimkuta amewapangia wanafunzi wapya kete zilezile, kama zilivyokaa siku ile. Akauliza nani anashinda. Msichana mmoja akajibu kwamba ni mwenye askari, maana mfalme wake ametangulia.

"Safi," mzee akasema. "Na akiombwa sare?"

"Anakataa."

Nilimwamkia. Akaitika marahaba, akanionyesha pa kukaa, nyuma ya wale watoto.