Rimu za Upande wa Kushoto

Tulikwenda Nairobi kwa sababu ya kuumwa na kichwa. Kila nilipoendesha gari la kaka yangu Wafula kwa zaidi ya nusu saa, kichwa kilinigonga, na mama aliyekaa kando yangu alianza kupiga miayo kama mtu aliyekesha. Moshi ulikuwa unaingia ndani. Ekzosi ilikuwa imepasuka mahali fulani chini ya sakafu, na mafundi wa huku kwetu Webuye walikuwa wameifunga mara tatu kwa vipande vya mabati na waya. Kila mara ilishika wiki mbili, kisha ikaanza tena kukohoa na kutema.

Ninyi mnaoishi kando ya barabara ya shule yetu mnalijua gari hilo. Wafula alilijenga upya alipokuwa akifanya kazi Nairobi. Alilishusha hadi tumbo likakaribia kugusa lami, akalifunga magurudumu mapana yaliyochungulia nje ya bodi, na bomba la moshi nene kama kikombe cha uji. Alirudi nalo nyumbani miaka mitatu iliyopita. Kisha presha ya macho ikamwandama hadi ikamnyang'anya kuona, na tangu Pasaka hii hajashika usukani. Dereva nikawa mimi, mwalimu wa gredi ya nne, niliyejifunza kuendesha kwa gari dogo la jirani. Gari lilihitajika. Mama ana kisukari na kliniki yake iko mbali.

"Aliyelikata hilo bomba ndiye anayelijua," Wafula aliniambia. "Twende kwa Abdu, Makadara."

Shule ilipofungwa Agosti, tukaenda. Wafula ameniruhusu niyaandike yote, hata yale ambayo mimi mwenyewe nilisita kuyaandika.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, mimi na Wafula tulimwacha mama nyumbani, tukaondoka na vioo vyote vinne vikiwa chini ili moshi utoke. Tulivaa sweta mbili mbili, na Wafula alijifunika blanketi la mama hadi kidevuni. Matuta ya barabarani yalikuwa adhabu. Gari liko chini mno, kwa hiyo kila tuta sharti ulipande kimshazari, gurudumu moja baada ya jingine, huku madereva wa malori wakikupigia honi. Wafula alikuwa akiyajua yote. "Punguza, kuna tuta mbele ya soko," angesema, na kweli lingekuwapo.

Timboroa tulifika meno yakigongana. Ukungu uliingia kwa dirisha moja ukatokea kwa jingine. Nilitaka kufunga vioo dakika chache tu, Wafula akanikataza. "Baridi utaisikia, Naliaka. Moshi huo hutausikia." Nikavumilia. Kwenye mteremko wa Salgaa, unaojulikana kwa ajali, alishika mkono wa mlango kwa nguvu. Nilidhani ni woga wa uendeshaji wangu, nikaumia kidogo moyoni.

Nakuru tulisimama tukanywa chai na kula chapati. Alasiri, saa tisa na nusu, tukaingia Nairobi, tukapita katikati ya mji tukielekea mashariki, kisha tukashika barabara ya Kangundo hadi Njiru. Shangazi yetu Tabitha anaishi huko. Alikuwa karani wa reli miaka mingi, akikaa nyumba za shirika, na alipostaafu alijenga Njiru kabla hakujajaa magorofa. Alikuwa ametusubiri langoni mikono kiunoni.

"Nimewasikia mkiwa bado kule kwa petroli," alisema. "Karibuni wanangu. Lakini hilo gari likilala hapa na lilale kimya, majirani zangu ni watu wa kanisa."

Alimkumbatia Wafula kwa muda mrefu, akamshika uso kwa viganja vyote viwili. Kisha akatupikia ugali na mrenda, akamwekea Wafula samaki aliyetolewa miiba yote bila kusema kwamba amefanya hivyo.

Jumanne asubuhi tulimtafuta Abdu. Wafula alikuwa akinielekeza kutoka kichwani mwake. "Ukishapita mahakama ya Makadara, hesabu kona mbili, ingia kushoto penye kibanda cha bluu." Hakukuwa na kibanda cha bluu. Hakukuwa hata na ile kona aliyoijua, maana ukuta mrefu ulikuwa umejengwa pale. Nilizunguka mara tatu. Niliona jinsi jambo hilo lilivyomkata maini. Hatimaye mama mmoja muuza mboga alituonyesha uwanja wa mafundi nyuma ya ghala kuukuu, na hapo tukasikia sauti ikipaazwa kabla sijazima injini.

"Nani ameharibu hii kitu? Hiyo si sauti yangu!"

Huyo ndiye Abdu. Ni mwanamume wa makamo, mwenye ndevu zilizotiwa hina, mzaliwa wa Eastlands ambaye wazazi wake walitoka Somalia. Alipomwona Wafula akishuka huku mkono wake ukitafuta bega langu, aliacha kufoka. Akaja polepole, akamshika mkono.

"Niaje, Wafu."

"Poa, Abdu. Macho yalienda, manze."

"Pole, buda. Pole sana." Akanigeukia. "Na wewe ndiye dereva, siste?"

Nikamwambia ndiye mimi, na kwamba nataka mambo mawili tu: gari lisituue kwa moshi, na lipite kwenye barabara ya murram, isiyo na lami, bila kuacha tumbo lake njiani.

Abdu aliliinua gari kwa jeki, akaingia chini na tochi. Ekzosi ilikuwa imepasuka penye kiungo, na yale mabati ya mafundi wa kwetu yalikuwa yameungua hadi yakawa kama majani makavu. Baada ya hapo akayafungua magurudumu yote manne, akayalaza kwenye turubai, mawili ya kulia upande huu, mawili ya kushoto upande ule.

"Wafu alinipigia, akaniambia rimu ya mbele ilipinda kwa shimo," alisema.

"Ndiyo, shimo la kule Turbo," Wafula akajibu haraka.

Abdu alichuchumaa, akaipitisha rimu mikononi kama mtu anayechagua nyungu sokoni. Kisha akachukua msumari, akakwaruza rangi nyeusi ya ukingoni. Chini ya rangi kulikuwa na michubuko. Akakwaruza zaidi, akakuta rangi nyingine, na chini yake michubuko mingine. Rimu ya nyuma ya kushoto ilikuwa hivyo hivyo. Zile mbili za kulia zilikuwa safi kama sahani.

"Shimo hupiga kutoka chini," alisema, akizungumza na rimu zaidi ya kuzungumza na sisi. "Hii imesuguliwa kwa ubavu. Ukingo wa barabara, mawe ya daraja, mara nyingi. Imepakwa rangi, ikasuguliwa tena, ikapakwa tena. Huyu dereva alikuwa haoni..."

Alimtazama Wafula, akanitazama mimi, akainuka akaenda kutafuta spana ambayo hakuihitaji.

Nilikuwa nikiziosha rimu hizo kila Jumamosi. Ile rangi nyeusi niliiona, nikadhani ni urembo wake. Sasa nikaanza kuhesabu miezi. Kabla ya Pasaka alikuwa akimpeleka mama kliniki. Alikuwa akipita mbele ya shule yangu saa moja na nusu asubuhi, wakati ambapo watoto wanatembea kandokando ya barabara hiyo isiyo na njia ya miguu. Nilitoka uwanjani nikaketi kwenye benchi la mwanamke anayeuza chai. Aliniwekea kikombe, sikukigusa.

Baada ya muda Wafula alikuja akipapasa ukuta. Alisimama hatua chache kutoka nilipo, hakujua niko upande gani, nami sikumwambia.

"Naliaka?"

"Tangu lini?"

"Upande wa kushoto uliondoka kwanza. Mwaka jana, kabla ya Krismasi."

"Krismasi! Umeendesha miezi minne na zaidi huoni kushoto?"

"Niligeuza kichwa. Nilikuwa nageuza kichwa sana."

"Na watoto wangu, Wafula? Watoto wa shule?"

Alikaa chini pale pale aliposimama, kwenye vumbi, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili. "Niliona nikiacha usukani, ndiyo basi nimekuwa kipofu. Sikuwaogopea wao. Nilijiogopea mimi."

Mama wa chai alimsogezea kigoda, akamwambia, "Kaa hapa, baba, utachafuka." Tulikaa hivyo, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye benchi, hadi chai ikapoa.

Tuliporudi, Abdu alikuwa ametandaza mabomba mapya. Alianza kumwuliza Wafula anataka mngurumo gani, mzito au mkali. Wafula akamkatiza. "Muulize yeye. Gari ni la dereva."

Abdu aliniuliza maswali ambayo hakuna fundi aliyewahi kuniuliza. Barabara yenu ina mawe au udongo? Mvua ikinyesha inakuwaje? Mama yako hupanda kwa mguu upi? Mwishowe akasema, "Basi tulipe gari kazi yake ya sasa." Angetoa rimu pana, aweke nyembamba zaidi zenye matairi ya unene unaomeza mawe. Angerudisha springi ndefu. Bomba lingekuwa la chuma kinene, na sailensa mbili, ya katikati na ya nyuma. Nilikubali. Wafula alikuwa akisikiliza tu, kidole chake kikizunguka ukingo wa bomba la zamani.

Jumatano mchana kazi ya kuchomelea ilikwisha. Abdu aliwasha injini, akaziba mdomo wa bomba kwa tambara nene ili hewa ikose pa kutokea na isikike kama kuna ufa. Alilala chini akasikiliza. "Safi," alisema.

"Bado," Wafula akasema.

Alipiga magoti kando ya gurudumu la mbele, shavu lake likikaribia kugusa bodi. "Kuna nyingine. Mbele huku, chini ya injini. Inafyonza, halafu inanyamaza."

"Wafu, hapo sijagusa, hapo ni pazima."

"Sikia tena."

Abdu hakusikia kitu, lakini alileta maji ya sabuni akayapaka pale. Povu dogo likafura, likapasuka, likafura tena. Ulikuwa ufa mwembamba kama unywele, mahali ambapo moshi huchukuliwa na upepo wa feni na kuingizwa moja kwa moja ndani. Tungeondoka nao, na safari hii tungefunga vioo.

Nilikuwa bado nina hasira. Hasira haikuondoka kwa sababu ya povu. Lakini nilimwinua kwa mkono, nikampangusa magoti.

Alhamisi tulipitia mtaa wa Fedha kwa rafiki wa Abdu mwenye mashine ya kupima mwelekeo wa magurudumu, na Ijumaa alfajiri tukamuaga shangazi. Alikuja hadi langoni, nikawasha gari, akaniuliza kama nimeliwasha. Akacheka hadi akashika kitambaa chake cha kichwa.

Tukarejea nyumbani. Vioo vilikuwa juu, kichwa changu kilikuwa chepesi, na matuta niliyapita moja kwa moja kama watu wengine. Wafula hakunielekeza. Karibu na Naivasha aliniuliza, "Unaona nini?" Nikamweleza: punda watatu, mwanamke mwenye mwavuli wa njano, ziwa kwa mbali. Akawa ananiuliza hivyo hadi Eldoret.

Jioni ile, kabla ya chakula, alimwambia mama mwenyewe. Sikumsaidia hata neno moja. Mama aliweka chini ungo wa maharagwe, akatoka nje, akakaa huko hadi mboga ikakauka sufuriani. Aliporudi alisema tu, "Leo usiniambie zaidi." Kesho yake alimwambia amalize, naye akamaliza.

Nilidhani safari imeishia hapo. Shule ilipofunguliwa, siku ya kwanza nilipofika darajani karibu na shule nilifunga breki kwa nguvu. Watoto walikuwa wametanda barabarani, na hakuna aliyegeuka. Msichana mmoja wa darasa langu alikuja dirishani, macho yamemtoka.

"Mwalimu, hatukukusikia! Zamani gari hili likiwa bado kule juu tunasema 'linakuja,' tunaruka mtaroni sote."

"Hata mjomba Wafula alipokuwa akiendesha?"

"Yeye zaidi. Alikuwa anakaribia mtaro sana."

Ule mngurumo niliouonea haya mbele ya majirani ndio uliokuwa ukiwaondoa watoto njiani. Mimi niliona kelele, nikaona urembo wa rimu, nikaona kaka anayependa gari lake mno. Sikuuliza kitu. Sasa nauliza, hata pale ambapo swali linanifanya nionekane mshari, na nikifika darajani naendesha kwa mwendo wa miguu, maana gari halisemi tena kwa niaba yangu.

Nilimweleza Wafula aliyoyasema yule mtoto. Ijumaa iliyofuata aliniomba nimpeleke shuleni wakati wa gwaride la asubuhi, na mwalimu mkuu akamruhusu. Alisimama mbele ya watoto mia kadhaa, mkono mmoja begani mwangu, akawaambia kwamba alikuwa akiendesha ilhali haoni, kwamba lilikuwa kosa lake na si la mtu mwingine, na kwamba sasa gari ni kimya, kwa hiyo watazame nyuma kwa macho, wasingoje masikio. Kisha akasema, "Mliruka. Asanteni."

Na wao, kwa kuwa ndivyo tulivyowafundisha kumjibu mgeni anayeshukuru, wakaitikia wote kwa pamoja: "Karibu!"