Babu Alikuja Kuuona Ubao wa Zuhura

Usiku ule nililala na hasira, na mtu aliyelala na hasira hategemei mgeni. Lakini mgeni alikuja.

Kwanza niseme mimi ni nani, anayesoma asidhani hii ni ndoto ya mtu wa hovyo. Mimi ni Ramadhani, watu wananiita Fundi Rama, mwenye karakana ya samani hapa Iringa, ile yenye geti la bluu kwenye mteremko. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe tulimalizana kwa shida. Lakini nyumba ninayolala nimeijenga mimi, karakana nimeijenga mimi, na vitanda vyangu vinalaliwa na watu wenye digrii zao. Kitanda cha Fundi Rama ukitaka kukijaribu, panda uruke. Hakilii. Hakipindi. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine anajua jasho lililotoka?

Sasa nina binti, Zuhura, miaka kumi na mitano. Likizo ilipoanza alinifuata karakana na simu mkononi, akanionyesha vijana wanateleza barabarani juu ya mbao ndefu zenye magurudumu. Skeiti ndefu, akasema. Hapa mjini kwetu, kwa hii miteremko yetu, vijana wameshaanza.

"Baba, tutengeneze wote," akaniambia.

Hilo neno "wote" lilinikaa. Umri ule watoto wanakuomba hela ya vocha, hawakuombi mkae pamoja. Nikaweka kando kazi ya kabati la mtu, nikamwambia Zuhura kabati halina haraka.

Ubao wenyewe hautengenezwi kwa kipande kimoja. Unachukua plaiwudi nyembamba, unazipaka gundi, unazipanga tabaka juu ya tabaka kwenye kalibu iliyobinuka kidogo katikati, kisha unabana mpaka kesho yake. Zikitoka zimekuwa kitu kimoja, na ule mbinuko umebaki. Zuhura alichora umbo, akakata, akapaka gundi mpaka kwenye nywele. Mimi nilibana kwa jeki ya lori, ubunifu wangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu. Magurudumu na vyuma vyake tulivitoa kwenye skeiti kuukuu ya mitumba. Tulicheka sana siku zile. Mama yake alikuwa akitutumia chai karakana kwa sababu nyumbani haturudi.

Ubao wa kwanza ulipotoka kwenye kalibu, nilisimama juu yake kuujaribu. Mimi ni mtu mzito, sifichi. Ukapasuka katikati, Zuhura hajaugusa hata kwa unyayo. Wa pili nikaongeza matabaka, nikasimama, ukalia. Wa tatu nikaongeza tena, na katikati nikachomeka ubao wa mninga. Nikaruka juu yake. Kimya. Nikasema huu ndio.

Zuhura akaupanda uani. Ulikuwa unamtikisa kama anapita juu ya mawe, na kona ulikuwa haukati. Akaanguka, kiwiko kikachubuka. Akarudi ameubeba kwa mikono miwili, maana kwa mmoja haubebeki.

"Baba, hili ni benchi lenye magurudumu."

"Benchi halivunjiki."

"Mimi sijaomba kitu kisichovunjika. Nimeomba kitu kinachoteleza."

"Utazoea."

Akavua aproni, akaitundika taratibu, na ule utaratibu ndio ulioniumiza. "Basi malizia mwenyewe, Baba. Hili ni lako. Jumamosi nitashuka na skeiti ya kina Happy." Happy ni rafiki yake, kaka yake ana skeiti ya dukani. "Na likizo ijayo nitakwenda kwa shangazi Dodoma."

Mtaa mzima nilikuwa nimeshautangazia kwamba Jumamosi binti yangu atashuka mteremko juu ya ubao wa mikono yangu. Lakini, wallahi, si mtaa ulioninyima raha. Ilikuwa ile nafasi kwenye meza ya kazi, upande wa dirishani, aliposimama yeye. Nilijua akiiacha kwa namna ile harudi tena. Mtoto akishazoea kukukosa, umekwisha. Nikala. Nikalala.

Nikajikuta karakana. Ilikuwa mchana, jua limeingia mpaka kwenye vumbi la mbao, na mashine zote zilikuwa zimenyamaza ingawa mikanda yake ilikuwa inazunguka. Juu ya kitanda kipya ambacho hakijapakwa vanishi, kuna mzee amekaa. Nilimjua kwa harufu kabla ya sura. Moshi, na mafuta ya ng'ombe aliyokuwa akipaka pinde zake.

Ni babu yangu Issa, mzaa baba, mtengeneza pinde wa Kondoa. Alifariki mimi bado nafagia maranda kwenye karakana ya mtu mwingine. Hakuona chochote. Hakuona geti, hakuona nyumba, hakuona hata kitanda kimoja chenye jina langu.

"Shikamoo, Babu."

Haitikii. Anagonga ubao wa kitanda kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama mtu anayebisha hodi nyumba ambayo anajua wenyewe wapo.

Basi nikaanza kumwonyesha. Namwonyesha mashine ya kuranda, namwonyesha stoo ya mninga, namwonyesha vitanda vimepangwa mpaka mlangoni, na kila nikigeuka vitanda vinaongezeka, vinatoka nje, vinashuka barabarani, vyote vyangu. Nikaruka juu ya kimoja asikie kilivyo kimya. Babu anangoja nimalize, kama mtu aliyejikinga mvua chini ya paa la duka. Nikamaliza. Mara nikaona ubao wa Zuhura uko mapajani mwake, na sikumwona akiuchukua.

Anaubonyeza kwa dole gumba, katikati. Hausogei.

"Nani ataupanda?"

"Zuhura, Babu. Kitukuu chako."

"Na nani alisimama juu yake?"

"Mimi. Kazi yangu naijaribu mwenyewe."

Ananiangalia kuanzia miguuni, anapanda polepole mpaka kichwani, hana haraka hata kidogo.

"Umenenepa, mwenzangu."

Alikuwa akiniita hivyo tangu nikiwa mdogo, mwenzangu, kwa utani wa babu na mjukuu. Nikataka kucheka, na nilipofungua mdomo karakana haipo. Tuko uani kwake Kondoa, ukuta wa udongo una joto la mchana, na pinde zimeegemezwa pale moja moja, nyingine bado zina maganda ya mti wa mkole. Nikakumbuka kitu ambacho sijakiwaza tangu nilipoondoka pale. Babu hakuwahi kuvuta upinde aliomtengenezea mtu. Hata siku moja. Alichonga mpaka karibu na mwisho, halafu anaacha. Anatuma mtu akamwite mwenyewe, hata kama yuko machungani mbali, hata kama ni lazima upinde ungoje mwezi. Mwenyewe akija, anaushika, anauvuta kidogo, na Babu anaangalia tumbo la upinde linavyojikunja. Anauchukua, anakwangua kidogo, anamrudishia. Avute tena. Anakwangua. Mpaka upinde na mkono vielewane. Mimi nikiwa mtoto nilimuuliza, Babu, mbona huvuti wewe, una nguvu kuliko wote? Alicheka mpaka akakohoa.

Sasa pale uani anaondoa vumbi kwenye mawe mawili, anayaweka mbalimbali.

"Lala," akasema.

Nikalala. Sikuuliza. Miguu juu ya jiwe hili, kifua juu ya jiwe lile, uso chini, na chini ya tumbo hakuna kitu. Nasikia randa inapita, na sijui inapita juu ya nini, lakini mgongo wangu unahisi baridi yake. Ardhi iko karibu na macho yangu, naona sisimizi wanapita na kipande cha jani.

Kisha nasikia hatua. Nazijua hatua zile, nimezisikia tangu zilipoanza. Zuhura anapanda juu ya mgongo wangu.

Nikajikaza. Mimi Fundi Rama, sitapinda. Nikakaza mgongo, nikakaza shingo, nikauma meno. Akateleza, akaanguka. Nasikia kiwiko kimegusa ardhi. Anapanda tena bila kusema neno, na mimi najikaza zaidi, najifanya mninga, najifanya zege. Nyayo zake zinatetemeka juu yangu, zinatafuta pa kukaa hazipati. Akaanguka tena. Kupumua kwake kumekuwa kwa mtu anayezuia kulia mbele ya baba yake.

"Mbona unajikaza?" Sauti ya Babu inatoka juu, mbali kidogo.

"Asianguke, Babu."

"Anaanguka kwa ajili hiyo."

Anapanda tena. Nikajaribu kulegea. Nimebeba magogo maishani mwangu, nimebeba mifuko ya saruji ghorofa ya pili bila kupumzika, lakini kulegea pale, mtoto wangu akiwa juu, kulinishinda. Kila sehemu niliyoilegeza ilijikaza yenyewe nikihamia nyingine. Nikaanza upya. Nikaachia shingo. Nikaachia mabega. Nikaachia kiuno, tumbo likashuka, likashuka, nikasema sasa navunjika, na sikuvunjika. Nyayo zake zikatulia. Zikakaa. Nikahisi uzito wake wote kwa mara ya kwanza, na ni mwepesi, ni mwepesi ajabu, kumbe ni mwepesi hivi.

Na mawe hayapo. Chini yangu ni lami na lami inakwenda. Ni mteremko wetu, ule ule wa Iringa, geti la bluu limepita, duka la dawa limepita, mikaratusi inapita. Zuhura anaegemea kushoto, nami naenda kushoto. Anaegemea kulia, naenda. Mimi ambaye hakuna mtu aliyewahi kuniambia kata kushoto nikakata. Anashuka kidogo magotini na mimi nashuka, ananyanyuka na mimi namnyanyua, na upepo umeingia kwenye nguo zake unapiga kelele kama bendera. Anacheka. Si kile kicheko cha siku hizi cha kuangalia simu. Watu wamesimama pembeni wanamshangilia, Zuhura, Zuhura, na mimi nataka niwaambie tazameni na huku chini, ni mimi huku chini, lakini mdomo wangu ni ubao.

Babu yuko kwenye kona, amekaa juu ya jiwe. Tukampita. Kwenye kona inayofuata yupo tena, amekaa vilevile. Safari hii anainama, uso wake unakuja karibu na wangu, karibu mpaka naona kovu la kisu kwenye kidevu chake, na ananiambia kwa sauti ya mtu anayemwelekeza fundi mwenzake:

"Mwite kabla hujamaliza."

Tukampita. Nikageuza macho nimwone tena, na kona ile ilikuwa dari ya chumba changu.

Alfajiri. Mgongo uliniuma kama nimelala juu ya mawe kweli. Mama Zuhura alikuwa ameshaamka, anafunga kitenge.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na Babu Issa."

"Mungu amrehemu. Anasemaje?"

"Anasema nimenenepa."

"Hilo mbona nakwambia kila siku, ukasubiri mpaka marehemu aje?"

Nikaswali. Baada ya swala nilikaa pale pale kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza katika siku nyingi sikuwa nawaza nitawaambia nini watu. Nilikuwa nahesabu kazi. Leo ni Alhamisi. Gundi inataka siku nzima. Ijumaa kuchonga, kufunga vyuma. Jumamosi asubuhi yeye yuko juu ya mteremko. Muda ni mdogo, lakini mimi nimejenga nyumba kwa muda mdogo. Nikaenda kwenye mlango wake, nikagonga.

"Zuhura."

"Baba, bado mapema."

"Najua. Una kilo ngapi?"

Kitanda hakikulia, maana ni changu, lakini nilijua amekaa.

"Baba, maswali gani hayo?"

"Nataka kujua tubane matabaka mangapi. Siwezi kujua bila wewe. Tunaanza ubao mpya sasa hivi. Kesho ubao ukitoka kwenye kalibu wewe utasimama juu yake, nitaangalia unavyobonyea, nitapunguza kwa randa, utasimama tena. Mpaka useme basi."

"Wewe si utasimama kwanza?"

"Sisimami."

Mlango ukafunguka nusu. Jicho moja, na nywele bado zina gundi.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na ukipasuka?"

"Ukipasuka tutabana mwingine. Na wewe ukikataa kazi pia sawa, nitakaa pale nikusubiri. Jumamosi isipowezekana, Jumamosi nyingine ipo. Siumalizi bila wewe."

Alinitazama kama anavyotazama mbao kabla hajakata. Nilitaka kuongeza maneno, ninayo mengi siku zote, nikayaacha.

"Ukichomeka mninga kwa siri nitajua," akasema.

"Utajua."

Akavaa ndala, akachukua ufunguo wa karakana mkononi mwangu, akapita mbele. Tangu nijenge pale hakuna mtu aliyewahi kufungua kabla yangu. Nikamfuata.