Kijiko cha Hamchoki

Wiki iliyopita nilisimama na binti yangu kwenye duka moja la dawa za mifugo pale Majengo, tukichagua chakula cha mbwa. Ndiyo, umesikia vizuri: tukichagua. Binti alikuwa amepewa kitoto cha mbwa na rafiki yake wa shule, na muuzaji, aliyevaa koti jeupe kama daktari, akatuuliza maswali ambayo mimi sikuwahi kuulizwa hata nilipokuwa na watoto wachanga. Ana miezi mingapi? Atakuwa mbwa mkubwa au wa kubaki mdogo? Ameshapata dawa ya minyoo? Kisha akatushushia mfuko wenye picha ya mbwa anayeng'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na binti akaanza kusoma maandishi ya nyuma kwa sauti.

"Mama, nyie zamani mbwa wenu mlikuwa mnampa nini?" akaniuliza.

"Ugali," nikamjibu, na muuzaji akacheka.

Lakini, rafiki yangu, hilo halikuwa jibu. Lilikuwa neno la kumaliza mazungumzo dukani. Jibu lenyewe ni refu, lina aibu ndani yake, na sidhani kama nimewahi kulisimulia lote kwa mtu. Kaa basi nikusimulie wewe.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa chuo cha ualimu, akatuacha mimi na mdogo wangu kwa bibi, kijijini upande wa Madaba, mwendo kidogo kutoka barabara ya Njombe. Mdogo wangu ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa. Unaujua ubaridi wa kule, ule wa asubuhi unaofanya ng'ombe watoe mvuke puani. Tuliamka tukakimbilia jikoni kwa bibi, tukakaa karibu na mafiga mpaka magoti yakaanza kuungua, na bibi akafukua majivuni viazi vitamu alivyovifukia jana yake. Ngozi ya kiazi imeungua, ndani kinanata kama asali. Nimekula hotelini mara nyingi tangu hapo, lakini kiamshakinywa cha kushinda kile sijakiona.

Shida ya bibi ilikuwa ngedere. Shamba lake la mahindi lilipakana na kichaka, na mwaka uliotangulia ngedere walimvunia kabla yake. Kwa hiyo mvua za kwanza zilipoanza, akaenda kwa jirani ambaye mbwa wake alikuwa amegongwa na lori akaacha watoto bado wananyonya, akarudi na mmoja ndani ya kapu, rangi ya udongo, masikio makubwa kuliko kichwa. Majirani wengine wakasema maneno: bibi kizee mjane, ana wajukuu wawili wa kulisha, anaongeza na mbwa! Bibi akamwita mbwa Hamchoki. Kila alipomwita kwa sauti kubwa uani, "Hamchoki! Hamchoki wee!", wahusika walijua wanaambiwa wao.

Mbwa, kwa sheria ya nyumba ile, alikula kilichobaki. Na mwezi ule kilichobaki kilikuwa ukoko wa ugali uliolowekwa kwenye maji ya kuoshea sufuria. Tulikuwa kwenye ile miezi ambayo ghala linaonyesha sakafu na mahindi mapya bado yapo magotini, kwa hiyo hata ukoko wenyewe tulikuwa tunaugombania. Hamchoki alikula, tumbo likajaa kama ngoma. Lakini miguu! Ile ya mbele ilianza kupinda kwa nje kama upinde, na ikafika siku akashindwa kupanda kizingiti cha jikoni. Alijaribu, akaanguka kidevu, akanitazama. Sitaki kukudanganya kwamba mbwa hulia machozi, lakini mimi nililia.

"Amelogwa," jirani mwingine akasema.

Bibi hakusema amelogwa. Alisema jambo lililoniuma zaidi. "Mahindi yakianza kubeba, mbwa asiyefika shambani nitamlisha kwa kazi gani? Nitamrudisha kwa mwenyewe, naye atajua la kufanya." Nami nilijua yule jirani aliyetupa mbwa angefanya nini. Alikuwa na shoka na hakuwa na huruma.

Siku chache baadaye akaja bwana mifugo kwa pikipiki, anachanja mbwa wa kijiji kizima. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kanisani. Akamwamkia bibi shikamoo, bibi akaitika, kisha akachuchumaa mbele ya Hamchoki. Akampapasa mbavu, akamfungua mdomo, akaibonyeza miguu taratibu.

"Bibi, huyu hajalogwa. Ana njaa."

"Njaa?" Bibi akashika kiuno. "Baba, huyu anakula kuliko sisi! Tazama tumbo lile."

"Tumbo lile ni minyoo na ugali. Anashiba, lakini hajengeki. Mtoto yeyote anayekua anataka vitu vya kumjenga mifupa. Mpe dagaa. Mpe yai ukipata. Mfupa wa ng'ombe autafune, lakini wa kuku uliopikwa usimpe, unavunjika vipande unamchoma utumbo. Mlishe kidogo kidogo, mara nne kwa siku, sio mara moja sufuria nzima. Na acheni kumfungia jikoni kwenye moshi, mtoeni juani."

Akampa kidonge cha minyoo, akaondoka. Bibi akabaki anatikisa kichwa. "Dagaa! Yesu na Maria, dagaa wenyewe tunao wapi?"

Mimi nilijua walipo. Juu ya kichanja cha jikoni kulikuwa na kopo la bati lenye mfuniko mgumu, na ndani yake unga wa dagaa wa Nyasa aliowatwanga bibi mwenyewe kwenye kinu. Huo ulikuwa wa mdogo wangu. Nesi wa zahanati alikuwa ameagiza: vijiko viwili kwenye kila bakuli la uji, kwa sababu mtoto alikuwa mwepesi kwa umri wake. Bibi alinikabidhi kazi hiyo mimi. Asubuhi na jioni nilikoroga uji, nikafungua kopo, na ile harufu ya dagaa, kali, ya chumvi na ziwa ambalo sijawahi kuliona, ikajaa jikoni.

Sasa nikuambie nilivyofikiri. Nilifikiri: vijiko viwili. Kimoja kwa huyu, kimoja kwa yule. Nani atapungukiwa? Mdogo wangu hana miguu iliyopinda. Mdogo wangu hatarudishwa kwa mtu mwenye shoka.

Kwa hiyo nikawa natia kijiko kimoja kwenye uji, na kimoja nakifunga kwenye jani la mgomba naenda nacho nyuma ya banda la kuku. Hamchoki alinijua mpaka hatua zangu. Alilamba unga, akalamba jani, akalamba vidole. Asubuhi na jioni, mwezi mzima na zaidi. Mchana nilimvuta juani kama alivyosema bwana mifugo, nikawa nakaa naye huku nachambua maharage. Na kweli, rafiki yangu, yule mbwa alianza kusimama. Manyoya yakalala vizuri. Siku moja akapanda kizingiti, akaingia jikoni, bibi akaacha mwiko kwenye sufuria akapiga vigelegele. "Kidonge kile!" akasema. "Kidonge kile kina nguvu!" Nami nikanyamaza, nimejaa furaha mpaka masikioni.

Ikafika siku ya kliniki. Tulikwenda zahanati alfajiri ya umande, bibi amembeba mtoto mgongoni, mimi nimeshika kadi. Mzani ulikuwa umening'inizwa kwenye kenchi ya baraza, na akina mama wamejipanga kwenye benchi. Mdogo wangu akavalishwa ile kaptura ya kupimia, akaning'inia pale anapiga mateke. Nesi akatazama mshale. Akatazama kadi. Akatazama tena mshale.

"Bibi," akasema, na hakupunguza sauti, "mtoto ameshuka. Ule uji unatiwa dagaa?"

"Kila siku, mwanangu. Asubuhi na jioni."

"Sasa dagaa wanaingia kwenye uji, au wanaishia kwenye ugali wa wakubwa? Maana hapa tunawaona bibi wengi. Mtoto anaandikiwa lishe, wakubwa ndio wanaonenepa."

Benchi zima likageuka. Mwanamke mmoja akacheka kidogo nyuma ya kiganja. Bibi yangu, ambaye mkanda wa sketi yake alikuwa anaufunga mara mbili kwa jinsi alivyokonda, alimtoa mtoto kwenye kaptura, akamfunga mgongoni, akachukua kadi mkononi mwangu. Nami, niliyekuwa na jibu, niliutazama ukuta.

Tulitembea nusu ya njia. Tulipofika kwenye kijito, bibi akasimama anywe maji, nikamwona anajipangusa uso, na haikuwa kwa sababu ya maji. Hapo nikashindwa. Nilipiga magoti kwenye matope nikasema yote: kijiko, jani la mgomba, banda la kuku. Nilimaliza nikafumba macho nikisubiri kofi.

Halikuja. Bibi alikaa kwenye jiwe, mtoto mgongoni amelala, kichwa kimeegemea bega.

"Kwa hiyo kidonge hakikuwa na nguvu," akasema mwishowe.

"Hapana, bibi."

"Ulimhurumia mbwa."

"Ndiyo, bibi."

"Kuhurumia sio kosa." Akanyanyuka, akakaza kitenge. "Lakini sikia, mjukuu wangu. Ukichukua cha huyu ukampa yule, hujalisha mtu. Umehamisha njaa tu, kutoka tumbo hili kwenda tumbo lile. Yule mbwa abaki, umetaka wewe. Kuanzia leo chakula chake utakitafuta wewe, na kisitoke kwenye bakuli la mtoto. Na siku ya kliniki utamwambia nesi, kwa mdomo wako, pale pale kwenye benchi."

Nikajifunza kutafuta. Kwenye majani ya mahindi nilikamata panzi, nikawakaanga kwenye kigae mpaka wakalia kwa kukauka. Bibi alinionyesha kutega panya wa shambani kwa punje za mahindi, na ingawa wale wanono tuliwala sisi, vichwa na miguu vilikuwa vya Hamchoki. Siku ya gulio nilikwenda kwa mama muuza dagaa, nikamsaidia kukunja magunia, akaniachia vumbi na vichwa vilivyobaki chini. Muuza nyama akanipa mifupa ya ng'ombe. Nilivitokosa pamoja na pumba, kipande cha boga na mabaki ya likolo, yaani mboga ya majani, ndivyo alivyoita bibi, nikamgawia mara nne kwa siku kama mtoto wa mfalme. Mara moja nilipata yai moja la kuku aliyetaga nje ya kiota, nikasimama nalo mkononi, nikawaza, kisha nikalipeleka jikoni kwa mdogo wangu. Bibi aliniona. Jioni ile alinisuka nywele bila kunivuta.

Kliniki iliyofuata nilisimama mbele ya benchi. "Dagaa nilikuwa nampa mbwa," nikasema. "Bibi hakujua." Akina mama wakaguna. Nesi alinitazama, kisha akaweka kalamu chini, akainuka, akaenda mpaka alipokaa bibi, akakunja goti.

"Bibi, nilikukosea. Nisamehe."

"Yameisha, mwanangu," bibi akasema. "Pima mtoto."

Alikuwa amepanda. Nesi alichora ule mstari kwenye kadi, akatuonyesha, unaelekea juu.

Mahindi yalipobeba, Hamchoki alikwenda shambani kwa miguu yake. Mmoja wa mbele ulibaki umepinda kidogo, alikimbia kama mtu aliyeteguka kiuno, lakini ngedere hawakujali mwendo, walijali sauti. Tuliamia shamba pamoja, tukiwafukuza, mimi napiga debe, yeye anabweka, mpaka tukavuna. Aliishi miaka mingi. Nilikuwa sekondari bwenini nilipopata habari kwamba amelala chini ya kichanja cha vyombo na hakuamka.

Leo ukienda kule, kichaka cha ngedere kimekuwa shamba la parachichi, na nyumba ya bibi imebaki msingi wenye magugu. Bibi mwenyewe tulimzika upande wa kanisani, mvua ikinyesha. Nikikaa peke yangu naiona ile miezi ya njaa, naona nani alikula nini. Bakuli la mdogo wangu lenye ua jekundu, nalikumbuka. Kigae cha Hamchoki, nakikumbuka na ufa wake. Sahani yangu ya bati, nakumbuka ilivyopata kutu pembeni. Lakini ya bibi siioni. Alipakua, akatugawia, akasema, "Nyie kuleni, mimi nilionja jikoni," akakaa kwenye kigoda anatutazama. Nilihesabu vijiko vya mtoto na vya mbwa, asubuhi na jioni, sikukosea hata kimoja. Sikuwahi kumuuliza yeye amekula nini.