Kupinduka kwa Makusudi Bwawani Likunja

Siku yangu ya kwanza kazini Nachingwea nilivaa viatu vipya vya ngozi, nikaripoti nikiwa na cheti changu cha uvuvi mkononi. Mkuu wa Idara alinitazama, akacheka mpaka akavua miwani. "Mwanangu, huku ni korosho na ufuta. Samaki wetu wanakuja kwa pikipiki, wameshakaushwa!" Hata hivyo alinipangia kazi ya kuzunguka Naipingo na Ruponda, kukagua malambo na kupandikiza vifaranga vya perege, yaani samaki wachanga. Viatu vile viliozea matopeni. Kabla msimu haujaisha watu walishaniita Mama Samaki, na jina likashika.

Lakini miaka niliyoifurahia kupita yote ni ile ya mwisho, Ruangwa. Likunja kulikuwa na bwawa kubwa, perege wameongezeka, na kikundi cha wavuvi kikaletewa mitumbwi ya plastiki, kayaki. Nyie vijana mmeiona kwenye simu. Ni ya mtu mmoja, imezibwa juu, unaikalia badala ya kuingia ndani, na kasia lake lina bapa huku na huku. Nyepesi kweli. Ukiinama vibaya kuvuta nyavu, umekwenda!

Bosi wangu wa wakati huo, Afisa Uvuvi wa Wilaya, alikuwa mtu wa maneno machache na tumbo kubwa. Alitoa amri moja tu. "Mama Samaki, asiyeweza kupinduka akarudi chomboni mwenyewe, havui. Sitaki kwenda kumpa mtu pole." Nikamjibu, "Sawa, mkubwa." Hata mimi niliona ana haki, maana katikati ya bwawa lile hata mtu mrefu hagusi chini.

Basi nikafundisha kupinduka. Unavaa jaketi la kuokolea, unaegemea upande mmoja makusudi, unaanguka majini. Kitu cha kwanza ni kuushika mtumbwi kabla upepo haujauchukua. Unapitisha mkono juu ya mgongo wake, unashika ukingo wa ng'ambo, unauvuta kwako mpaka ugeuke. Kisha unapiga maji mateke mpaka mwili uelee, unajivuta. Tumbo linapanda kwanza, halafu unajigeuza uweke kalio, miguu mwisho. Tumbo, kalio, miguu! Wanaume walijifunza kwa kelele na majigambo. Wanawake wakagoma.

Hawakugoma kwa woga. Kanga ikilowa inaganda mwilini, na wanaume wamejaa ukingoni wanatazama. Wakataka siku yao, mwanamume asikanyage. Nikawapa Jumanne. Wakaja na suruali pana za kitenge na magauni juu yake, na hata mwenye haya zake akaingia majini bila wasiwasi. Minza, aliyehamia na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa, alipanda mara ya kwanza tu, akaanza kuwatania wenyeji. "Nyie mnajua kupanda mikorosho!" Mwanahawa, mzaliwa wa hapohapo, akamjibu, "Wewe ngoja. Hata ng'ombe wako wanaogelea kukushinda."

Huyo Mwanahawa ndiye aliyenikosesha raha. Mumewe alianguka kutoka juu ya mkorosho, kiuno kikaharibika, na nyumba nzima ikawa inamtazama yeye. Alizitaka zile nyavu kuliko mtu yeyote pale. Lakini kila akianguka, mkono ulikimbilia mtandio kichwani, si mtumbwi. Akimaliza kuubana vizuri, mtumbwi huooo, unaondoka zake.

"Mwanahawa, tupo wanawake watupu!"

"Najua, mama. Mkono ndio haujui."

Tukamvua mtandio. Akaanguka, mkono ukaenda kichwani vilevile kuutafuta! Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Mwanahawa akacheka nao, halafu nikaona analia. Aliniambia, "Mama, nikikosa hii, watoto nawalisha nini?"

Minza akasema kwa utani wake, "Kama anaupenda hivyo, si tumfungie mtandio wenyewe mtumbwini?" Wengine wakacheka. Mimi niliuchukua mtandio ule, nikaufunga kwenye ukingo wa kayaki. Mwanahawa akaanguka. Mkono ukaenda kichwani, haukukuta kitu. Akauona mtandio mbele yake, akaudaka, na mtumbwi akawa ameudaka papo hapo. Yalaa, tulipiga kelele siku ile!

Siku ya mtihani ikafika, na Afisa Uvuvi akaja na kamati nzima, wanaume watupu. Nikamsogelea. "Mkubwa, naomba mgeuke, mtupe mgongo."

"Sasa nitajuaje kama amepanda?"

"Utasikia."

Alininunia, lakini akageuka, na kamati ikageuka naye. Mwanahawa akaegemea, akaanguka.

"Mbona kimya? Jamani, amezama?" bosi akauliza, akiwa ameyakodolea macho mashamba ya ufuta.

Vigelegele vikalipuka. "Amepanda! Amepanda!"

"Nigeuke?"

"Bado, mkubwa!" Mwanahawa akaita kutoka juu ya kayaki, anacheka. "Narudia!" Akajipindua tena, bila kuombwa na mtu.

Sasa nimestaafu, nalima bamia nyuma ya nyumba na goti linanisumbua mvua zikikaribia. Sikupata cheo kikubwa, na wenzangu niliosoma nao wana magari. Sijali. Nimefanya kazi iliyonichekesha, na walionilipa hawakujua kwamba ningeifanya hata bure.

Juzi Mwanahawa alinipigia simu. Upepo ulimpindua kweli, katikati ya bwawa, yuko peke yake, nyavu zimejaa perege.

"Ukafanyaje, mwanangu?"

"Nilipanda, mama," akasema, kama mtu anayesimulia alivyoanua nguo. Kisha akaniuliza goti langu linaendeleaje.