Siku Niliyosema Kolera Imetoka Gare

Nilichaguliwa kwa sababu ya sauti. Muuguzi mkuu wa kituo chetu cha afya, pale Kamalondo, alinisikia nikiimba kanisani, akamwambia baba yangu kwamba sauti inayofika mpaka mlango wa nyuma bila kipaza inafaa kazi nyingine pia. Nilikuwa nimemaliza shule ya ualimu, na walimu wakati ule walikuwa wakigoma mwezi baada ya mwezi kwa kuwa serikali haiwalipi. Basi nikawa mwelimishaji wa afya. Mtaani waliniita mama animatrisi, hata wazee walionizidi umri mara mbili.

Walitufundisha kwa majuma matatu katika ukumbi wa parokia. Mwalimu wetu alikuwa mkunga mzee aliyestaafu, mwenye tabia ya kunyamaza katikati ya maneno mpaka mtu aanze kujikagua. Tulidhani atatufundisha magonjwa. Alitufundisha kukaa. Ukiingia katika lupango, ua wa nyumba ya watu, alisema, usisimame katikati ya kiwanja ukiwatazama. Kaa kwenye kigoda wanachokupa, hata kama kimevunjika mguu. Uliza kabla ya kusema. Mtu akikuambia uongo usicheke, muulize aliusikia wapi. Ukimaliza kufundisha, mwombe mama akuonyeshe kwa mikono yake alichoelewa, maana kichwa huitikia hata kisipojua kitu. Na siku ya mwisho alituambia jambo ambalo niliandika katika daftari na kulipigia mstari mara mbili: usimwonyeshe mtu kidole. Ugonjwa una njia, wewe fundisha njia. Ukiupa sura ya mtu, watu watauacha ugonjwa na kumfuata yule mtu.

Nililiandika kwa mkono wangu. Siwezi kusema sikuambiwa.

Mji wakati ule ulikuwa unabomoka tukiutazama. Maduka ya katikati ya mji yalikuwa yameporwa. Tuliona mpaka milango na masinki yakipita barabarani juu ya vichwa vya watu. Kwenye migodi, kazi iliyokuwa imewalisha baba na babu zetu ilikuwa inakufa polepole. Maji ya bomba yalikuja siku mbili, yakakosekana wiki nzima, mwisho watu wakaacha hata kujaribu kufungua. Kila mwenye nafasi alichimba kisima uani. Halafu wanasiasa wakapata maneno yao. Walisema Katanga ni ya Wakatanga, na wale ambao wazee wao walitoka jimbo la Kasai, waliozaliwa hapa, waliocheza nasi na kusoma nasi, wakaanza kufukuzwa makwao. Walifika gare, kituo chetu cha treni, na magodoro na masufuria, wakangoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Treni haikuja. Walilala pale chini, familia kwa familia, mvua ikiwanyeshea. Kolera, yaani kipindupindu, ikaingia kati yao.

Baba yangu alikuwa mstaafu wa reli. Kila asubuhi alikwenda gare kuwatazama, na akirudi hakugusa bukari, ugali wetu.

Kwenye kona ya barabara yetu kulikuwa na mama mmoja mjane, muuza mikate ya mafuta na uji. Nilimwita yaya, dada mkubwa, ingawa kwa umri angeweza kunizaa. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baba yake alitoka Kasai kuja kuifanyia kazi reli ileile ya baba yangu. Nilipokuwa mwanafunzi, asubuhi zile ambazo kwetu moto haukuwashwa, alinifungia mikate miwili katika karatasi bila kuniuliza kitu. Na nilipoanza kazi, alikuwa mwanafunzi wangu bora. Ndoo yake ya maji ilikuwa na kifuniko, upawa wake ulikuwa na mpini mrefu ili vidole visiguse maji, sabuni yake ilining'inia katika kopo lenye matundu. Niliwapeleka wengine kwake waone. Ndugu zake walikuwa gare, na kila mchana aliwapelekea chakula.

Kolera ilipofika mtaani kwetu, muuguzi mkuu aliniita.

“Sema nao,” akaniambia. “Asubuhi na mchana. Kama hawasikii, tafuta namna watasikia.”

Nilizunguka na picha zangu: nzi, mkono, kisima, choo. Watu walikuwa na njaa, walikuwa wamechoka, na picha walikuwa wamekwisha kuziona. Siku moja nilisimama kwenye bomba la zamani lililokauka, karibu na safu ya mafundi cherehani. Walikusanyika watu thelathini hivi. Nilipofika kwenye picha ya pili walianza kuondoka mmojammoja. Fundi mmoja akanikata:

“Mama animatrisi, bile bipicha tulishaona. Utuambie tu: hii kolera iko natoka wapi?”

Jibu nililijua. Inatoka chooni, inaingia majini. Basi tutafute pamoja ni maji gani. Hilo ni jibu refu, na wanawake wawili walikuwa tayari wamejitwisha ndoo zao.

“Ku gare,” nikasema. “Inatoka ku gare. Kule bantu banalala fasi moja na kujisaidia fasi ileile. Na kuko bengine hapa kwetu banaenda kule kila siku, kisha banarudia kutupikia.”

Ndoo ziliteremshwa chini. Vichwa viligeuka, kimoja, kingine, kuelekea kona, ambako moshi wa jiko lake ulikuwa unapanda. Sikutaja jina, na wala sikuhitaji kulitaja. Nilimaliza mafundisho yote siku ile, sabuni, kuchemsha maji, kila kitu, na hakuna hata mtu mmoja aliyeondoka. Nilirudi kituoni nikiwa na furaha. Hii ndiyo sehemu ambayo imekuwa ngumu kuisema miaka hii yote: nilifurahi, kwa sababu walinisikiliza.

Kesho yake karai lake la mikate lilibaki limejaa mpaka mchana. Siku iliyofuata mtu alimtilia mchanga katika unga aliokuwa ameuumua. Watoto wakaanza kumwita mama kolera. Nilipita mbele yake nikienda kazini, na akaniita.

“Animatrisi! Kuya kidogo, mutoto wangu.”

“Niko na haraka, yaya. Bagonjwa beko banafika.”

Ilikuwa kweli, wagonjwa walikuwa wanafika. Nilijificha nyuma ya ukweli huo, nikaanza kupita barabara ya nyuma.

Haikupita wiki, vijana walikwenda kwake mchana kweupe wakamwambia awafuate wenzake gare. Majirani walitoka kuangalia. Baba alikuwepo. Aliingia nyumbani akachukua kofia yake ya reli, ile aliyoivaa siku za sikukuu tu, akasimama mlangoni akinitazama.

“Banasema ni weye,” akaniambia. “Banasema: hata animatrisi wa kituo alitufundisha.”

“Baba, sikusema wamfukuze.”

“Ulisema nini?”

Niligeuka nikaingia jikoni. Akavaa kofia, akaenda kumbebea godoro. Nilibaki nimekaa jikoni, nikasikia wakipita nje, hatua za baba na za yaya, na nyuma yao kelele za vijana zikipungua.

Alipoondoka, nilitegemea, Mungu anisamehe, kwamba angalau ugonjwa ungepungua. Haukupungua. Wagonjwa wapya waliletwa kwenye mikokoteni, wote wa mtaa wetu. Muuguzi mkuu alinitazama juu ya miwani.

“Yule mama wa mikate hayuko tena,” akasema. “Sasa tunamsingizia nani?”

Akanipa daftari jipya, akanituma nyumba kwa nyumba. Safari hii nilikaa kwenye vigoda, nikauliza. Mgonjwa alikunywa nini? Maji aliyateka wapi? Nani alimtuma kuteka, na kwa nini pale, si kwingine? Katika nyumba ya tano niliacha kuandika jibu zima, nikaweka alama tu, maana jibu lilikuwa lilelile. Kisima cha nyuma ya mafundi cherehani. Mama mmoja, ambaye mumewe alikuwa bado amelazwa kituoni kwetu, alinijibu kwa heshima, bila hata chembe ya lawama:

“Si weye mwenyewe ulitutuma kule, mama? Ulisema mayi ya pale inangaa.”

Nilisema hivyo, kweli. Majuma machache kabla, nilichungulia kile kisima, nikaona kirefu, maji meupe, nikawasifia watu mbele ya mkutano. Sikuzunguka kwenda nyuma ya ukuta wake. Nyuma ya ukuta, hatua chache tu, baa ya jirani ilikuwa imechimba choo kipya.

Tulikifunga kisima kwa mbao na mawe. Baada ya siku kadhaa mikokoteni ikaanza kupungua.

Nilirudi kwenye bomba kavu nikawaambia watu kila kitu: kisima ndicho, na mimi ndiye niliyekisifu, na yule mama hakumwambukiza mtu yeyote, hata maji ya pale hakuyatumia kamwe, alichemsha ya kwake. Walinisikiliza kwa adabu. Juu ya kisima walikubali mara moja. Juu ya yaya, yule fundi aliinua mabega.

“Aa, mama. Pengine kisima, pengine na yeye. Na kwao ni kule, aende tu.”

Nilirudia siku ya pili, na ya tatu. Neno la kwanza lilikuwa limekwisha kufanya makao.

Ndipo nilipokwenda gare. Nilichukua vidumu viwili vya dawa ya kusafisha maji na sabuni kutoka kituoni, ili niwe na sababu nyingine ya kuwa pale zaidi ya ile ya kweli. Nilimkuta kati ya magodoro, mbele ya pipa la maji. Alikuwa anafundisha. Wanawake kumi hivi walikuwa wamechuchumaa mbele yake, na alikuwa amemshika mmoja mikono akimwonyesha kusugua katikati ya vidole. Kisha akamwachia, akamwambia, “Sasa weye unionyeshe.” Alingoja mpaka yule mama alipofanya vyema.

Aliponiona hakushtuka. Alijikausha mikono kwenye kitenge chake.

“Minaona ulipata njia,” akasema.

“Yaya, nilikuya kuomba musamaha.”

“Omba.”

Nikaomba. Nilipiga magoti pale chini penye matope, maneno yakatoka yamevurugika, kisima, choo, fundi, maji yanayong'aa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama nilivyopaswa kuwasikiliza wengine.

“Kama ungekuwa haujue,” akasema, “ningesema: ni mujinga, tumuache. Lakini weye ulijua ndoo yangu. Ulileta bantu kuangalia ndoo yangu.”

“Ndiyo, yaya.”

“Basi.”

“Rudi nyumbani. Nitasimama mbele ya wote, nitakusemea.”

“Ulishasema?”

“Nilishasema mara tatu.”

“Banasikia?”

Akatikisa kichwa polepole, bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira.

“Musamaha, sijue,” akasema. “Labda utakuya. Leo haiko. Simama, utachafula nguo yako. Ile dawa uliyoleta, anzia kule mwisho, kwa mapipa ya kule. Kule banakufa.”

Nikasimama nikaanzia kule mwisho. Nilirudi kila asubuhi kwa siku nyingi kadiri muuguzi mkuu alivyoniruhusu. Tulifanya kazi pipa kwa pipa, na alinituma kama mtu anavyomtuma mwanafunzi wa kwanza: peleka hiki, muulize yule, acha kupiga kelele, hawa si viziwi. Hatukurudi kuzungumza juu ya lile. Mara moja tu, mvua ilipotukimbiza chini ya bati, alivunja kipande cha muhogo akanipa nusu.

Treni ilikuja asubuhi ambayo sikuwepo. Nilikuwa nimetumwa kwingine. Baba alikuwepo. Aliniambia ilikuwa na mabehewa ya mizigo tu, na watu walipanda mpaka juu. Aliniambia yaya alikuwa na ndoo yake yenye kifuniko. Nilimuuliza kama alisema chochote juu yangu. Baba alifikiri sana, nadhani alikuwa anatafuta kama kuna uongo mwema unaofaa.

“Hapana,” akasema.

Sikupata habari zake tena. Niliuliza wafanyabiashara waliokwenda Kasai kununua mahindi. Mmoja aliniambia kuna mama anayeuza mikate kwenye stesheni fulani. Lakini stesheni gani haina mama anayeuza mikate?

Miaka imepita. Sasa mimi ndiye ninayewafundisha waelimishaji vijana, na kila kundi nawasimulia habari ya mwelimishaji aliyeonyesha mtu kidole. Kwa muda mrefu nilisimulia kama habari ya mwenzangu mmoja, wa mtaa mwingine. Nilifanya hivyo hata baada ya baba kufa, wakati hapakuwa tena na mtu wa kunisuta.

Mwaka jana msichana mmoja aliinua mkono nyuma ya ukumbi.

“Mama, na yule mwelimishaji, kituo kilimufanya nini? Balimufukuza?”

“Hapana,” nikasema. “Kolera ilipokwisha mtaani, walimsifu kwa kukigundua kisima. Wakampandisha cheo.”

Darasa likaguna. Msichana alikuwa bado ameinua mkono, ananitazama.

“Eko wapi sasa?”

Nilitafuta chaki juu ya meza, ingawa sikuwa na la kuandika.

“Eko hapa,” nikasema. “Ni miye.”